Wazazi Wakiachana, Nani Mwenye Kauli Juu ya Matibabu ya Mtoto?

Mazungumzo Baada ya Habari: Nchi Jirani
Kwa wasikilizaji wa vikosi vya ulinzi na usalama

Mipaka ya Afrika Mashariki ilichorwa na wakoloni kwa faida yao, lakini matatizo ya nyumba hayajapata kuiheshimu mipaka hiyo. Linalomsumbua koplo aliyeko Nanyuki nchini Kenya ndilo linalomsumbua mwenzake wa Mbarara nchini Uganda, na ndilo linaloweza kumfika askari wa Monduli au wa Ziwani, Unguja. Jambo lenyewe ni hili: mume na mke wakifikia kuachana, na mtoto wao akaugua, ni nani mwenye kauli juu ya matibabu yake?

Swali hili huonekana dogo mpaka siku linapobisha hodi. Wanandoa wanaoachana hubishana juu ya nyumba, shamba, ng'ombe, na mahali watakapokaa watoto. Mambo hayo yote huweza kungoja. Shamba halihami, na nyumba haipandi homa. Lakini maradhi ya mtoto hayangoji hukumu, wala hayaahirishwi kwa sababu wakili wa upande mmoja hakufika barazani. Ndiyo maana nchi jirani zimelazimika kulitazama jambo hili katika sheria zao, na yako mafunzo ambayo askari anaweza kuyachukua kwa faida ya nyumba yake na ya kazi yake.

Ianzwe na Kenya. Wakati wa ukoloni, mwaka 1959, nchi hiyo ilitungiwa sheria iliyomwezesha mwanamke aliyezaa nje ya ndoa kumdai baba wa mtoto fedha za matunzo. Mwaka 1969, miaka michache tu baada ya uhuru, Bunge la Kenya liliifuta sheria hiyo. Tangu hapo mzigo wa mtoto wa aina hiyo ulimwangukia mama kwa sehemu kubwa, dawa zikiwamo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilileta nafuu katika mambo mengi, lakini bado ilisema kwamba kama wazazi hawakuoana, wajibu wa kwanza ni wa mama. Mabadiliko makubwa yaliletwa na Katiba ya mwaka 2010. Kifungu chake cha 53 kinatamka kwamba baba na mama wana wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Kifungu hicho hicho kinampa mtoto haki ya kupata huduma za afya, na kuagiza kwamba katika kila jambo linalomhusu, maslahi yake ndiyo yatangulie. Sheria mpya ya Watoto ya mwaka 2022 ikakaza fundo hilo kwa kusema kwamba hakuna mzazi mwenye haki iliyo kubwa kuliko ya mwenzake.

Usawa huo ni jambo jema, na umekomesha dhuluma nyingi. Lakini usawa una mtihani wake. Palipo na wakubwa wawili wenye cheo kimoja, na kila mmoja akatoa amri iliyo kinyume cha mwenzake, kikosi husimama. Askari wanalijua hilo kuliko watu wengine. Mama anasema mtoto apasuliwe. Baba anasema asipasuliwe mpaka aonwe na daktari mwingine. Wote wawili ni wazazi na wote wana haki. Fomu iko mezani, kalamu ipo, na mtoto yuko kitandani.

Chukuliwe mfano wa ugonjwa unaojulikana sana katika nchi zinazolizunguka Ziwa Nyanza, yaani ugonjwa wa selimundu. Nchini Uganda uchunguzi wa taifa zima uliofanywa mwaka 2014 na 2015 ulionyesha kwamba watoto wachanga 13 hivi katika kila 100 walikuwa wamebeba chembe ya ugonjwa huo, ingawa wengi wao hawaugui. Mtoto huupata ugonjwa wenyewe iwapo amerithi chembe hiyo kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa wameibeba, basi katika kila mimba iko nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atazaliwa mgonjwa. Hapo hakuna wa kumlaumu mwenzake. Hata hivyo, ziko nyumba ambamo ugonjwa huo wenyewe ndio uliokuwa chanzo cha talaka. Mume huambiwa na ndugu zake kwamba mke ameleta damu mbaya katika ukoo, au kwamba wifi fulani ameroga, na mke naye hurudishwa kwao na mtoto mgongoni. Elimu ndogo ya kliniki ingeweza kuiokoa ndoa hiyo.

Baada ya talaka taabu huzidi. Mtoto wa selimundu huhitaji dawa za kila siku, kinga ya malaria, maji ya kunywa ya kutosha, na kuhudhuria kliniki kwa tarehe zake. Akipata homa ni lazima afikishwe hospitali upesi, na pengine aongezewe damu. Sasa mtoto huyo ana nyumba mbili. Siku za shule yuko kwa mama, na wakati wa likizo anapelekwa kwa baba. Dawa zimesahauliwa kwa mama, kadi ya kliniki imefungiwa kabatini kwa baba. Mzazi mmoja anaamini vidonge vya hospitali. Mwingine ameambiwa na jamaa zake kwamba dawa za mitishamba zinatosha, au kwamba sala peke yake itamponya. Kila mmoja anampenda mtoto, na kila mmoja anaona kuwa mwenzake atamuua.

Ni makosa kudhani kwamba mkaidi katika mabishano hayo huwa ni baba siku zote, au mama siku zote. Mara nyingine baba anayekataa upasuaji ana sababu ya haki: hakuelezwa lolote, aliitwa dakika ya mwisho, au anataka kumsikia daktari wa pili. Mara nyingine mama anayemficha mtaliki wake habari za ugonjwa hufanya hivyo kwa hofu kwamba ataambiwa hajui kulea, na mtoto achukuliwe. Ubaya huanza pale ugonjwa wa mtoto unapogeuzwa kuwa silaha ya vita vya watu wazima. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia.

Ndugu msikilizaji, ukizitazama sheria za majirani, utaona kwamba maamuzi ya matibabu yanaangukia katika mafungu manne, na kila fungu lina njia yake.

Fungu la kwanza ni la dharura. Mtoto amegongwa na gari, amemeza mafuta ya taa, au anapumua kwa shida. Hapo hakuna mjadala wa nani ana kauli. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 43, inasema kwamba mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya nchi hiyo ya mwaka 2017 inaruhusu mgonjwa kutibiwa bila ya idhini iwapo kuchelewa kungeweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebishika. Mzazi anayesimama mlangoni mwa wodi na kusema, "Asiguswe mpaka nije na wakili wangu," hana sheria inayomuunga mkono.

Fungu la pili ni la matibabu ya kawaida, kama vile malaria, kikohozi, kidonda, au jino linalouma. Hayo ni ya yule anayekaa na mtoto wakati huo. Sheria ya Kenya hutofautisha kati ya haki ya ulezi kisheria na utunzaji wa mtoto wa siku kwa siku, na mahakama inaweza kumpa mzazi mmoja utunzaji huo bila ya kumvua mwingine uzazi wake. Anayekaa na mtoto hawezi kuomba ruhusa ya kila kidonge. Lakini ni uungwana, na ni busara pia, kumpasha mwenzake habari.

Fungu la tatu ndilo gumu: mambo makubwa yasiyo ya dharura. Upasuaji uliopangwa, matibabu ya muda mrefu yenye madhara yake, kumpeleka mtoto nchi nyingine kutibiwa, au tohara ya mtoto wa kiume ambapo wazazi ni wa mila tofauti. Katika mambo hayo wazazi wanatakiwa wapatane. Wakishindwa, mamlaka hayahamii kwa mwenye sauti kubwa wala kwa mwenye mshahara, yanahamia mahakamani. Kenya inazo mahakama za watoto, na hakimu anaweza kuamuru mtoto achunguzwe na mtaalamu kabla ya kuamua. Uganda inazo Mahakama za Familia na Watoto, na katika mabaraza ya vijiji yuko katibu wa mambo ya watoto ambaye kazi yake ni kusikiliza mashauri kama hayo yangali machanga. Hakimu haulizi ni mzazi yupi aliyeonewa katika ndoa. Anauliza swali moja: mtoto huyu, kwa umri wake na hali yake, atafaidika na nini? Naye mtoto mwenye umri wa kueleza mawazo yake hupewa nafasi ya kusikilizwa.

Fungu la nne ni la mambo ambayo hayamo kabisa katika uwezo wa mzazi yeyote, hata wakikubaliana wote wawili. Ukeketaji wa watoto wa kike ndio mfano ulio wazi. Uganda iliupiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2010, na Kenya kwa sheria ya mwaka 2011 ambayo inamkamata hata anayemvusha mtoto mpaka ili akakeketwe nchi nyingine. Tanzania ilikuwa imekwisha kuufanya kosa la jinai tangu mwaka 1998. Mwezi wa Aprili mwaka 2019 mawaziri wa Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Somalia walikutana Mombasa na kuafikiana juu ya kushirikiana kukomesha uvushaji huo. Askari aliyeko katika eneo la Tarime na Migori anajua maana ya maneno haya. Mama anayekuja kituoni na kusema kwamba mume waliyeachana naye amemchukua binti yao kumpeleka ng'ambo ya mpaka kwa bibi yake wakati wa msimu wa kukeketwa haleti ugomvi wa ndoa. Analeta taarifa ya jinai, na saa zinahesabika.

Katika fungu hilo pia Uganda imetia chanjo. Sheria ya Chanjo ya mwaka 2017 inamtaka mzazi ampeleke mtoto kupata chanjo zilizowekwa na serikali, na anayekataa anaweza kushtakiwa. Hata Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyotungwa mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2016, inataja chanjo na matibabu pamoja na chakula, mavazi na malazi kuwa ni wajibu wa mzazi. Kwa hiyo mzazi wa huko hawezi kusema kwamba amemnyima mtoto chanjo ya surua ili kumkomoa mwenzake aliyempeleka mahakamani.

Liko jambo jingine linalotesa watoto kimyakimya, nalo ni bima. Nchini Kenya mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, uliokuwapo tangu mwaka 1966, ulipokewa na Mamlaka ya Afya ya Jamii mwezi wa Oktoba mwaka 2024, na mwenye mshahara sasa hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake kwa ajili ya nyumba yake yote. Maana yake ni kwamba jina la mtoto limo katika karatasi za mzazi mchangiaji. Wazazi wanapoachana, yule mwenye bima anaweza kuacha kumwandikisha mtoto, au kukaa na nambari na vyeti, asivitoe hata anapoombwa. Hajampiga mtu, wala hakutukana. Lakini mama anafika dirishani hospitalini na kuambiwa alipe fedha taslimu. Kumnyima mtoto karatasi ya kutibiwa hakupungui sana kumnyima dawa yenyewe.

Na Tanzania je? Haiko nyuma katika sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaelekeza mahakama kutazama kwanza ustawi wa mtoto katika kuamua nani akae naye, na inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vizuri awe kwa mama, isipokuwa kama ipo sababu ya kuona vingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imefanya matibabu, pamoja na chanjo, kuwa haki ya mtoto na wajibu wa anayemlea, na inakataza mtu yeyote kumzuia mtoto asipate huduma hizo. Zanzibar nayo ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011. Na kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani, Sheria ya Ndoa inataka, isipokuwa kwa sababu maalumu, lipitie kwanza katika baraza la usuluhishi la ndoa. Huko ndiko mahali pazuri pa kuafikiana mapema juu ya matibabu ya mtoto, kabla ndimi hazijawa kali.

Mambo haya yote yanamgusa askari kwa njia mbili: akiwa mlinzi wa amani, na akiwa mzazi.

Polisi wa zamu huamshwa usiku na simu ya hospitali. Baba na mama wanavutana juu ya mtoto mgonjwa. Huyu anataka kumwondoa wodini, yule anapiga kelele. Polisi huyo si daktari, wala si hakimu. Hakuitwa kuamua kama mtoto aongezewe damu, na haitakiwi achukue upande wa aliyevaa vizuri au anayefahamiana naye. Kazi yake ya kwanza ni kutuliza ghasia ili mganga afanye kazi. Ya pili ni kuuliza kama ipo amri ya mahakama, na kuisoma yote, maana wako wanaoonyesha ukurasa wa kwanza na kuficha wa pili. Ya tatu ni kumwita ofisa wa ustawi wa jamii, au kwa upande wa Kenya ofisa wa watoto. Ya nne ni kuandika katika kitabu cha matukio saa, majina na maneno yaliyosemwa na kila upande, kwa sababu wiki ijayo hakimu atayahitaji. Vituo vingi vya polisi vya Tanzania vina madawati ya jinsia na watoto, na simu ya bure ya kuwasaidia watoto, yaani 116, hutumika Tanzania, Kenya na Uganda. Mtoto asiondolewe wodini kinyume cha shauri la mganga kwa sababu tu mzazi mmoja amepandisha sauti.

Mwanajeshi naye ana shida yake. Wazazi wengine hutengana kwa mtaa mmoja au wilaya moja. Yeye huweza kutenganishwa na mtoto wake kwa nchi nzima. Askari wa Kenya wamekuwa Somalia tangu mwaka 2011. Askari wa Tanzania wamelinda amani Darfur, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mtu aliyeko mstarini hawezi kuitwa kutia sahihi, na simu pengine haipatikani kwa siku kadhaa. Ikiwa amekwisha kutengana na mkewe, na hakuacha neno lolote, basi mama au nyanya anayekaa na mtoto atajikuta peke yake mbele ya daktari, huku ndugu wa mume wakimtisha kwamba akithubutu kuamua ataona.

Askari mwangalifu hakagui silaha yake siku ya mapambano, huikagua kabla. Vivyo hivyo na jambo hili. Kabla ya safari aandike barua, mbele ya shahidi, ya kumpa idhini anayekaa na mtoto aamue matibabu pale ambapo yeye hapatikani. Jina la mtoto lihakikishwe katika bima. Nakala ya kadi ya kliniki ikae kila nyumba, pamoja na jina la ugonjwa, majina ya dawa, na kundi la damu. Kama iko dawa ambayo mtoto hapatani nayo, iandikwe kwa maandishi makubwa. Na kama lipo jambo analolipinga kwa sababu ya imani au ya hofu, alitaje mapema wazi, ili daktari aeleze na lijibiwe, kuliko kulingojea lizuke saa nane za usiku.

Wakuu wa vikosi nao wana nafasi yao. Askari ambaye moyo wake uko wodini hayuko lindoni, hata mwili wake ukisimama wima. Ruhusa ya siku mbili ya kumpeleka mtoto kliniki, au ushauri wa ofisa mwenye hekima kwa askari anayetaka kukomoa mtaliki wake kwa kumnyima fedha za dawa, ni sehemu ya kutunza kikosi. Mshahara wa askari hutoka kwa wananchi, na mtoto wake ni mmoja wa wananchi hao.

Talaka inaweza kuwafanya watu wawili wasiwe tena mume na mke. Haiwezi kuwafanya wasiwe baba na mama wa mtoto wao. Kenya ilipita njia ndefu, kutoka 1969 mpaka 2010 na 2022, ndipo ikaandika hivyo katika sheria zake. Askari wa Tanzania hana haja ya kungoja muda huo. Barua ya idhini huandikwa kwa jioni moja.